Kuongoza kwa kanuni za Biblia wakati desturi zinabadilika: mwongozo kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi Nyanda za Juu Kusini

Hudhuria vikao vya wazee wa kanisa kuanzia Mafinga mpaka Tukuyu, utakuta ajenda zinazochemsha damu ni zile zile. Binti kaingia ibadani na suruali. Kwaya ya vijana imeleta kinanda na spika kubwa. Mwinjilisti anasoma somo kwenye simu. Kikao kimeanza saa nne asubuhi, na saa nane mchana watu bado wako kwenye ajenda ya suruali. Hapo ndipo mtunza hazina anasimama, kila mtu kachoka na njaa inauma, anasoma mapato na matumizi ya miezi mitatu kwa dakika tano, na mwenyekiti anauliza kama kuna swali au tufunge kwa sala.

Biblia inasema machache sana kuhusu yale yaliyokula muda wa saa nne, na mengi mno kuhusu yale ya dakika tano: fedha, namna ya kusikiliza shauri, nani apewe madaraka na ayaachie lini. Mwongozo huu unafuata uzito huo. Nimemwandikia mzee wa kanisa, mwinjilisti, mama mwenyekiti wa umoja wa wanawake, kiongozi wa vijana, na pia yule anayeongoza VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) au kamati ya maji ya kijiji na anataka imani yake ionekane kwenye kazi hiyo.

Jambo moja kabla ya kuanza. Kanuni isiyokuwa na utaratibu ni hotuba tu. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inaishia kwenye kitu ambacho unaweza kukiandika kwenye daftari la mihtasari, na mtu mwingine akaja kukikagua.

Hatua ya 1: Tenganisheni kanuni na desturi, kwa maandishi

Kielelezo ni Matendo 15. Kanisa la kwanza lilikuwa na ugomvi mkubwa wa utamaduni kuliko wowote tulio nao sisi: je, watu wa mataifa watahiriwe kwanza ndipo wahesabiwe ndugu? Angalia walivyoliendesha. Waliacha hoja zizungumzwe sana. Wakamsikiliza Petro, kisha Barnaba na Paulo, wakaeleza waliyoyaona kwa macho. Yakobo akapima ushuhuda huo na maandiko ya manabii. Mwisho wakaandika barua fupi yenye mambo manne tu, wakasema hawataki kuwatwika watu mzigo zaidi ya yale ya lazima, wakawatuma Yuda na Sila waende kuieleza kwa mdomo.

Nanyi fanyeni hivyo. Chukueni karatasi kubwa, mchore safu tatu. Ya kwanza: yale ambayo Maandiko yameyaamuru waziwazi. Ya pili: yale tuliyoyarithi. Ya tatu: yale yanayohitaji kuamuliwa kwa hekima, mahali hapa, kwa sasa. Kisha kila ajenda inayowagombanisha iwekwe kwenye safu mojawapo, na anayetaka iwe safu ya kwanza alete andiko, tena asome sura nzima, si mstari mmoja uliochomolewa.

Mtashangaa jinsi safu ya pili inavyojaa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin wakaingia nchi ya Konde, yaani ya Wanyakyusa. Joho jeusi la mchungaji, tuni nyingi za kitabu cha nyimbo, utaratibu wa nani atangulie kuingia, vilifika na wageni wale, na babu zetu waliovipokea waliambiwa na wazee wao kwamba wanaacha mila. Leo vitu hivyo hivyo ndivyo tunavyoviita mila ya kanisa. Si vibaya, mimi mwenyewe nazipenda zile tuni. Ila mtu akizitetea kama amri ya Mungu, anatetea kitu kingine.

Vijana nao wasishangilie mapema. Wapo viongozi wa vijana wanaotupa kwenye safu ya pili kila kinachowabana: kuishi kinyumba na mtu miaka minne bila ndoa, kwa mfano, eti ndoa ni "mambo ya wazee". Hapana. Danieli alipopelekwa Babeli alikubali jina la Kibabeli, akajifunza lugha na elimu ya Wakaldayo, ila chakula cha mezani kwa mfalme alikikataa. Alijua mpaka wake uko wapi, na haukuwa pale ambapo wengi wangeutazamia.

Karatasi hiyo ibandikwe ofisini. Kila baada ya mwaka irudiwe.

Hatua ya 2: Jikague mwenyewe hadharani

Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani (1 Samweli 12)? Nehemia naye aliandika kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya chakula cha liwali, kwa kuwa watu walikuwa wameelemewa.

Andika orodha ya kila unachokipata kwa sababu ya cheo chako: nauli, posho ya kikao, shamba la kanisa unalolima, kuku anayeletwa nyumbani, mwanao aliyepata kazi kwenye shule ya dayosisi au jimbo. Isome mbele ya baraza la wazee mara moja kwa mwaka. Ukiona kuna kipengele ambacho ungependa kukisoma haraka haraka, basi anzia hapo.

Hatua ya 3: Fedha

Kutoka 38 ni sura ambayo wengi huiruka kwa sababu imejaa hesabu. Rudi uisome. Hema lilipokamilika, Musa aliagiza hesabu itolewe, na Ithamari mwana wa Haruni akaisimamia. Imeandikwa mpaka shekeli ya mwisho: dhahabu talanta 29 na shekeli 730, fedha talanta 100 na shekeli 1,775, na fedha ile ilikwenda wapi, vitako mia vya hema na kulabu za nguzo. Huyu ni Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, na bado hakuna aliyesema tumwamini tu. Paulo naye, alipokuwa akipeleka mchango Yerusalemu, alikataa kuubeba peke yake. Alitaka awepo ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8). Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kuomba risiti ni kukosa imani, mwelekeze huko.

Sadaka ihesabiwe siku ile ile, mara baada ya ibada, na watu watatu wa zamu ambao si wa familia moja. Waandike noti ngapi za elfu kumi, ngapi za elfu tano, mpaka sarafu, kisha wasaini wote watatu. Karatasi moja ibaki na mtunza hazina, nyingine na katibu. Fedha iende benki au kwa wakala siku ya kazi inayofuata. Vijiji vya Makete na Ileje ambako benki iko mbali, wekeni kikomo cha fedha inayoruhusiwa kulala kwenye kasha, mkiandike, na ziada iende hata kama ni kwa bodaboda, ila waende wawili.

Sadaka za simu zinahitaji maneno zaidi. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 mambo yamekwenda kasi kuliko katiba zetu, na makanisa mengi bado yanatangaza namba binafsi ya mchungaji au ya mtunza hazina. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini siku atakayosingiziwa hana namna ya kujitetea, maana humo humo kuna hela ya mbolea yake na ada ya mtoto. Na akifariki, salio la kanisa linaingia kwenye mirathi, mjane anaanza kusumbuliwa msibani. Tafuteni Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Wakati mnaisubiri, nunueni laini inayotumika kwa sadaka tu, namba ya siri ajue mmoja na simu aishike mwingine, na taarifa ya miamala ichapwe kila mwezi isomwe na mtu wa tatu.

Halafu kuna mnada wa mavuno, ambao nauona kuwa kipimo kizuri cha uongozi kuliko mahubiri. Ibada imekwisha, watu wako nje, mazao yamepangwa kwenye turubai: madebe ya mahindi, sado za maharage, mkungu wa ndizi, viazi, jogoo kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mnadi anamnyanyua jogoo. "Elfu kumi! Nani anaongeza?" Mama mchungaji anasema kumi na mbili. Kimya. Kila mtu pale anajua jogoo wa ukubwa ule sokoni hatoki kwa bei hiyo, na kila mtu anamtazama mwenzake, ila nani aanze kushindana na mama mchungaji? Jogoo anaondoka kwa elfu kumi na mbili, tena kwa ahadi ya kulipa Jumapili ijayo. Hakuna aliyeiba. Lakini bibi aliyemleta jogoo yule kama sadaka amesimama hapo hapo, ameona.

Kinga yake ni rahisi. Asubuhi ya mnada watu wawili wapite sokoni waulize bei, waandike bei ya chini ya kila zao. Wachungaji, wazee na watu wa nyumbani mwao wasitaje bei mpaka wengine wameshindana kwanza. Hakuna kuchukua kitu kabla ya kulipa. Kilichobaki kipelekwe sokoni Jumatatu.

Uchaguzi unapokaribia, bahasha nazo hukaribia. Mheshimiwa anakuja na sare za kwaya au mifuko ya saruji, na anaomba "kusalimia" kidogo. Amueni mapema, kabla hajatokea mtu yeyote, maana akishasimama mlangoni hamtaamua vizuri. Amri iko Kutoka 23: rushwa huwapofusha macho wenye kuona. Utaratibu ninaoupendekeza: mchango wowote unapokelewa na mtunza hazina, kwa risiti, kama wa muumini mwingine, na mtoaji haongei kwenye mimbari wala kipaza sauti hakitoki. Wapo watakaoondoka na saruji yao. Waacheni waende nayo.

Hatua ya 4: Mikopo na VICOBA

Karibu kila usharika una kikundi cha kuweka na kukopa, na mitaani kote kuna wale wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, marejesho ya kila siku au kila wiki, ukichelewa wanabeba godoro. Viongozi wengi wa kanisa wanaliona hili kuwa jambo la kidunia lisilowahusu. Nehemia hakuliona hivyo. Katika sura ya 5 watu walikuja wakilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme, watoto wao wameingia utumwani, na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Alikasirika sana, akajishauri kwanza moyoni, ndipo akawaita wakubwa kwenye mkutano. Na kitu ninachokipenda: alikiri kwamba yeye na watumishi wake nao walikuwa wamekopesha. Kisha akawaapisha mbele ya makuhani warudishe mashamba siku ile ile.

Kwa kikundi chenu: anzeni na daftari la mikopo ya viongozi, lisomwe kila mwezi mbele ya wanachama. Mwenyekiti anayedaiwa hawezi kumbana mwanachama anayedaiwa. Pili, kwenye katiba yenu andikeni vitu visivyokamatwa kwa deni lolote. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo linalomlisha mtu. Kwa Mbeya ya leo jiwe hilo ni cherehani ya fundi, pikipiki ya bodaboda, jembe, sufuria za mama lishe. Tatu, mtu akifiwa au mvua ikimharibia, kuwe na utaratibu uliokwisha kuandikwa wa kusogeza marejesho, ili asilazimike kwenda kukopa kausha damu awalipe ninyi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi navyo visajiliwe. Nendeni halmashauri mkasajili.

Hatua ya 5: Kusikiliza mashauri

Mithali 18 inasema aliyejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka jirani yake aje amchunguze. Siku hizi anayejitetea kwanza ni yule aliyewahi kutuma sauti kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku. Kufika asubuhi, usharika mzima umeshahukumu.

Kanuni ni mbili. Mathayo 18 inataka aliyekosewa aende kwanza kwa mwenzake, wawili peke yao, kisha na shahidi mmoja au wawili, ndipo lifike kwa kanisa. Kumbukumbu la Torati 19 inataka mashahidi wawili au watatu, na Paulo anarudia sharti hilo kwa mashtaka dhidi ya mzee (1 Timotheo 5). Zigeuzeni kuwa utaratibu: shauri lolote lililoletwa na mtu mmoja liandikwe, tarehe na jina, anayelalamikiwa aitwe ndani ya siku saba, asikilizwe wakati mlalamikaji yupo, mjumbe ambaye ni ndugu wa mmoja wao atoke nje. Na katika kundi la WhatsApp, msimamizi afute mashtaka dhidi ya mtu kabla hayajajadiliwa, hata kama ni ya kweli. Hapo hapo kemeeni tabia ya kurusha picha za wagonjwa vitandani eti tuwaombee. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mgonjwa ni mtu, ana haya.

Kipimo kigumu zaidi cha mashahidi wawili huku kwetu ni tuhuma za uchawi. Mtoto kaumwa, ng'ombe wamekufa, mtu kapata hela ya haraka, na mara kijiji kinachangishana ili waletwe wale wasaka wachawi wanaoitwa lambalamba wapite nyumba hadi nyumba "kusafisha". Mara nyingi anayetajwa ni bibi mjane mwenye macho mekundu ya moshi, au mzee ambaye shamba lake linatamaniwa. Kiongozi Mkristo hachangii. Hachangii hata shilingi mia kwa kuogopa kutengwa, maana ukimya wake utahesabiwa kuwa shahidi. Uliza mbele za watu: mashahidi wako wapi, nao wameona nini? Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji na polisi mapema, kabla umati haujakusanyika, na jioni hiyo lala nyumbani kwa yule bibi, wewe na wazee wengine wawili.

Na kuna mashauri ambayo Mathayo 18 haiyahusu kabisa. Mtoto akinajisiwa, au mwanamke akipigwa, hakuna "waende wawili peke yao", hakuna kuita familia mbili ofisini kwa mchungaji wakubaliane mbuzi na laki tatu. Hilo ni jinai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Peleka taarifa kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa mtoto, ni bure. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Mtuhumiwa akiwa mwalimu wa shule ya Jumapili au mzee wa kanisa, asimame kando wakati uchunguzi unaendelea. Jina la kanisa litachafuka? Inawezekana. Makuhani wana wa Eli walilindwa nalo jina la nyumba ya baba yao, na mwisho wake umeandikwa.

Hatua ya 6: Pale Biblia inapokuwa mbele ya mila yetu

Tunazungumza kama kwamba utamaduni ukibadilika ni lazima uikimbie Biblia. Hesabu 27 inaonyesha vingine. Mabinti watano wa Selofehadi walimwendea Musa, mbele ya kuhani na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume. Musa hakuwajibu kwa mila. Alilipeleka shauri kwa Bwana, na jibu likawa kwamba wasemayo ni haki, wapewe urithi. Sura ya 36 iliongeza sharti kuhusu ndoa zao ili ardhi isitoke katika kabila, lakini haki yao haikuondolewa.

Huku Rungwe na Njombe jambo hili limekuwa la moto kwa sababu ya parachichi. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi, na ghafla kipande cha shamba ambacho hakuna kaka aliyekitaka kinagombaniwa. Dada anaambiwa ameolewa, aende kwa mumewe. Akifiwa, kwa mumewe nako anaambiwa arudi kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, kwa hiyo hapa sheria ya nchi na Hesabu 27 zinakaa upande mmoja, na aliyebaki nyuma ni sisi.

Anzeni nyumbani kwenu wazee. Kila mzee wa kanisa aandike wosia, ushuhudiwe kama sheria inavyotaka, na mabinti wawemo. Mnapokwenda kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, majina ya mume na mke yawekwe yote mawili. Msibani, siku ya kuanua tanga, mchungaji au mzee awepo kikao cha ukoo kinapokaa, kwa sababu mashamba mengi hupotea siku hiyo huku watu wanakula wali.

Hatua ya 7: Walioachwa nje waingie kwenye kazi, si kwenye kamati ya kushauri

Fupi. Matendo 6: wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume waliwaambia watu wachague saba, na majina yote saba yaliyochaguliwa ni ya Kiyunani. Walionung'unika walipewa mgao wenyewe waugawe.

Kikao cha Jumanne asubuhi kinamfukuza dereva bajaji wa Mwanjelwa, mchuma chai wa Mufindi na mwalimu. Hamisheni muda. Vijana wapewe fungu la bajeti lenye mipaka iliyoandikwa, watumie, watoe hesabu kama wengine. Wakikosea hesabu wafundishwe, kama mtunza hazina wa kwanza alivyofundishwa. Na anayejua kutumia kompyuta asigeuzwe mpiga chapa wa wazee miaka yote.

Hatua ya 8: Kukabidhi ungali hai

Hapa Wanyakyusa wa zamani wanatupita. Walikuwa na vijiji vya marika, vijana wakijenga kando ya baba zao, na mara moja katika kila kizazi ilifanyika ubusoka: baba wakiwa hai, uongozi wa nchi ukakabidhiwa kwa kizazi cha wana wao, na wazee wakawapisha. Walijua siku ile itakuja, hakuna aliyeshtukizwa. Hesabu 27 hiyo hiyo ya mabinti wa Selofehadi inamalizia na Musa akiambiwa amwekee Yoshua mkono mbele ya mkutano wote na kumpa sehemu ya heshima yake. Sehemu ya heshima, wakati Musa bado anaongea na watu wanamsikia. Sisi tunao wenyeviti wa miaka ishirini na mitano ambao makamu wao hajawahi kuongoza kikao hata kimoja.

Andikeni ukomo wa kila nafasi kwenye katiba. Mwaka wa mwisho, anayeondoka akae kando ya anayeingia: kila kikao cha pili aongoze yule mpya. Kisha siku ya kukabidhi, mbele ya waumini, si ofisini, vitolewe mezani kimoja kimoja na kusainiwa: daftari la mihtasari, daftari la hazina na taarifa ya benki ya mwezi huo, hati ya kiwanja, funguo, mhuri, orodha ya madeni ya kanisa na wanaodaiwa na kanisa, ile karatasi ya safu tatu, na laini ya simu ya sadaka. Namba ya siri ibadilishwe hapo hapo kabla ya chakula. Jumatatu anayeondoka na anayeingia waende pamoja benki kubadilisha sahihi, na anayeondoka asipewe cheo cha mshauri mpaka upite mwaka mzima.